Huduma Zinazoweza Kusubiri

Chumba cha plasta kilifungwa Jumatatu asubuhi, na aliyekifunga hakuwa hata na adabu ya kumwambia mwenye chumba. Mama Plasta alikuta kufuli jipya mlangoni na karatasi imebandikwa upande upande: huduma hii imesitishwa, wazazi wasubiri kupigiwa simu. Akaisoma mara mbili. Kupitia kioo cha mlango aliona mitungi ya oksijeni imepangwa mpaka juu ya meza yake, ile meza fupi yenye godoro la plastiki ambayo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilazia watoto wachanga na kuwanyoosha miguu.

Tusizunguke: ugonjwa ulikuwepo, na hakuna aliyebisha. Watu wazima walikuwa wakifa kwa kukosa pumzi, hospitali zao zilifurika, na hospitali ya watoto ikaombwa itoe wodi mbili. Hilo Mama Plasta alilielewa, hakuwa na roho ya jiwe. Kilichomfanya awe mbogo ni kwamba watu wanane walikaa mezani asubuhi moja, wakachora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja wakaandika huduma za haraka, upande wa pili huduma zinazoweza kusubiri, na miguu ikaangukia upande wa pili pamoja na meno na miwani. Mstari wenyewe waliuchora kwa rula.

Kazi yake ilikuwa hii. Kuna watoto wanaozaliwa nyayo zimepindia ndani, kana kwamba zinataka kutazamana. Ukiwapata mapema, mguu ukiwa bado laini, unausogeza kuelekea nje kidogo tu, kisha unaufunga plasta kuanzia vidoleni mpaka pajani ili ukae hapo. Baada ya siku saba unafungua, unausogeza tena, unafunga tena. Mara tano, mara sita, na unyayo unakaa sawa, mtoto anakuja kusimama na kukimbia na wenzake na hakuna atakayejua. Lakini ni siku saba. Si kumi, si ishirini. Mtoto wa mwezi mmoja ananenepa kila kukicha na plasta hainenepi naye, kwa hiyo ukiiacha inambana, inamchubua, na mguu nao unaanza kurudi ulikotoka.

Na wazazi alikuwa amewafunza kwa ukali. Plasta isiguse maji, usiikwangue, usiikate, usijifanye fundi. “Mimi ndiye ninayefunga na mimi ndiye nitakayefungua,” alikuwa akiwaambia, kidole juu, mpaka mababa wenye vifua vipana wanafyata. Alikuwa na sababu yake. Miaka ya nyuma mzazi mmoja alimwonea mtoto huruma, akailoweka plasta siku ya tatu, na kazi ya mwezi mzima ikaenda na maji. Tangu hapo ikawa amri. Siku chumba kinafungwa, watoto kumi na saba walikuwa nyumbani kwao na plasta miguuni, na wazazi wao walikuwa watu watiifu.

Alimfuata katibu wa hospitali ofisini. Katibu alikuwa kijana nadhifu, wa aina ile inayoweza kukunyima kitu huku inakushukuru.

“Mama, hakuna mtoto aliyekufa kwa mguu,” alisema.

“Wala kwa meno, wala kwa macho. Kwa hiyo tuwang'oe tuone?”

“Orodha imeshapita kwenye kamati.”

“Kwenye hiyo kamati kuna mtu aliyewahi kushika plasta, hata ya ukutani?”

Katibu akamshukuru kwa moyo wake wa kujituma, kisha akampangia kazi nyingine. Hospitali ilikuwa inahitaji watu getini.

Basi mtaalamu wa plasta wa miaka kumi na tisa akavishwa gauni la plastiki la buluu, kofia, barakoa na kioo cha uso, hata mama aliyemzaa angempita bila salamu, akapewa kimashine cha kupima homa na karatasi. Kimashine mlinzi alikiita bastola. Karatasi ilikuwa na majina ya watoto walioruhusiwa kuingia siku hiyo. Masharti yalikuwa mepesi: usimguse mtoto, usimfunue, uliza jina, pima homa, jibu. Asiyekuwepo kwenye karatasi na hana homa, arudi nyumbani atapigiwa.

Siku ya kwanza kila aliyerudishwa alimkaa rohoni. Mama Plasta alieleza, aliomba radhi, alisimama nao kivulini. Siku ya tano alikuwa amejifunza kusema haraka. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, barakoa imelowa jasho, na ukimweleza mmoja kwa dakika kumi wenzake hamsini wanaungua. Akaacha kutazama watu usoni, maana ukimtazama mtu usoni anapata nafasi ya kukubembeleza. Alitazama karatasi na kimashine, basi.

Wakati wa mapumziko alikuwa akienda kwenye kitengo cha simu. Walikiweka kwenye chumba cha michezo, mabinti watatu wamekaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yanagusa kidevu, nyuma yao ukuta umechorwa twiga na tembo wanaocheka. Huko ndiko hospitali ilikokuwa ikijisifu kwamba inawafikia wagonjwa wote bila wao kutoka nyumbani. Mama Plasta alisimama nyuma ya mmoja akasikiliza. Karatasi ya maswali ilikuwa na mambo sita: homa, kikohozi, pumzi, kuhara, kutapika, na kama kuna mtu anaumwa nyumbani.

“Ana plasta?” binti akasema kwenye simu. “Haya mama. Hana homa? Basi endelea kusubiri, usije mpaka upigiwe. Asante kwa ushirikiano.”

Mama Plasta akamwinamia. “Unajua umemwambia nini huyo mama?”

Binti akavua vifaa vya masikioni. Macho yalikuwa mekundu. “Nasoma kilichoandikwa, mama. Napiga simu tisini kwa siku. Nikiongeza neno langu naulizwa.”

Angemtolea uvivu nani hapo, mtoto wa watu aliyekalia kiti cha chekechea tangu asubuhi? Akamwacha. Hasira ikabaki inazunguka kifuani haijui imwendee nani.

Akaandika sentensi mbili kwa mkono wake, herufi kubwa, akampelekea katibu ziongezwe kwenye karatasi ya maswali. Kama mtoto amekaa na plasta zaidi ya siku kumi, iloweke kwa maji ya uvuguvugu nusu saa, tafuta ncha ya bandeji, izungushe uitoe. Usiogope, mguu utarekebishwa tena kliniki ikifunguliwa. Haikuhitaji dawa wala daktari. Ilihitaji beseni. Katibu akasema maelekezo yoyote kwa wazazi lazima yapite kwenye kamati, na kamati inakaa Alhamisi. Alhamisi ya kwanza jibu likawa ombi limepokelewa. Alhamisi ya pili, linafanyiwa kazi. Ukiyasikia maneno hayo mawili yakifuatana, ujue ombi lako limezikwa na watu wameshakula wakaondoka.

Utauliza kwa nini asiwapigie mwenyewe. Daftari la chumba chake, lenye namba za wazazi wote, lilikuwa limefungiwa ndani pamoja na mitungi. Na kulikuwa na waraka ubaoni: mtumishi atakayewasiliana na wazazi nje ya utaratibu atawajibishwa. Muuguzi mmoja wa wodi ya watoto njiti alikuwa ameshasimamishwa kazi kwa hilo hilo. Mama Plasta alikuwa amebakiza miaka minne astaafu. Aliogopa, tuliseme hivyo hivyo lilivyo. Alipiga kelele kwenye korido, aliwapa watu vidonge vyao, alirudi nyumbani akalalamika mpaka mumewe akaomba poo, lakini kufuli hakuligusa.

Ikafika Jumatano ya wiki ya tatu.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Saa nne hivi alifika mbele mwanamke mwenye kitenge kichwani na barakoa ya kitambaa, amebeba mtoto aliyefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu saa nzima akingoja zamu.

“Nimemleta kliniki,” alisema.

“Jina la mtoto?”

Akalitaja. Mama Plasta akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini. Halikuwepo. Akaelekeza kimashine kwenye paji la uso. Homa hakuna.

“Hayupo kwenye orodha. Hana homa. Rudi nyumbani, usije mpaka upigiwe. Asante kwa ushirikiano.”

Mwanamke akasimama kidogo. “Lakini analia sana siku hizi.”

“Utapigiwa. Anayefuata.”

Akasogea pembeni, akalivuta blanketi vizuri, akaondoka. Mama Plasta alishapokea watu wengine wanane kabla ya zamu ya kufuta benchi kwa dawa. Kila saa benchi lazima lifutwe. Akachukua kitambaa na chupa, akainama, na pale mwisho wa benchi, upande aliokuwa amekaa yule mwanamke, akaona chenga nyeupe. Akazigusa kwa kidole cha glavu. Zikasagika kama chokaa. Alizijua. Ni plasta iliyoanza kuchakaa ukingoni, ile inayokaa zaidi ya muda wake.

Akatupa kitambaa akakimbia mpaka barabarani na gauni lake la plastiki linapiga kelele. Watu wakampisha wakidhani kuna mgonjwa kaanguka. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Vitenge vilikuwa vingi na hakukumbuka hata kimoja kilikuwa na rangi gani. Hakukumbuka hata jina alilotajiwa.

Watoto kumi na saba amewalilia wiki tatu, mmoja wao kaletwa mpaka mkononi kwake, na yeye kampima homa akamfukuza. Kwa sentensi ile ile iliyomfanya atake kumng'ata yule binti wa simu. Kama kuna wakati alitamani kupiga mtu makofi ndio huo, na mtu mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake.

Akarudi kwa mlinzi. “Nipe ufunguo wa chumba cha plasta.”

“Mama, nitafukuzwa.”

“Utasema nilikunyang'anya. Ukitaka nikunyang'anye kweli, sema.”

Mlinzi alimtazama, akaona huyu leo hatanii. Akauweka ufunguo juu ya ukuta na kugeuka kutazama magari. Mama Plasta akaingia, akavuta daftari kutoka chini ya mitungi, akaenda kukaa nyuma ya jengo la kufulia na simu yake mwenyewe. Hakuaga mtu. Geti likabaki na mlinzi na bastola yake.

Akapiga moja moja. Alipojitaja, wengi walianza kulia kabla hajamaliza. Baba mmoja alikuwa ameshaitoa kwa kisu cha jikoni na kumkata mtoto ugoko. Bibi mmoja alikuwa akiipaka mafuta ya mgando pembeni kila siku ili isichubue. “Ulisema tusiiguse,” alimwambia, bila lawama, kama mtu anayeomba kusifiwa. Akamfundisha kila mmoja: maji ya uvuguvugu, nusu saa, ncha iko juu upande wa nje wa paja, zungusha polepole. Akawataka wamtumie picha za visigino. Na akamuuliza kila mmoja kama leo alikuja hospitali. Kumi na sita walijibu hawakuja. Namba ya kumi na saba haikupatikana.

Ilikuwa ya mama yake Mzee. Mzee alikuwa mtoto wa wiki sita siku ya mwisho kumwona, miguu yote miwili imepinda, na ngozi ya paji la uso imekunjamana hivi kwamba ukimgusa anakutazama kama mtu aliyekaa sana kwenye mabaraza ya ardhi. Jina hilo la Mzee alimpa Mama Plasta mwenyewe, na mama yake alicheka sana siku hiyo. Daftarini, mbele ya namba, palikuwa na maelekezo ya nyumba: nyuma ya kituo cha mafuta, safu ya vyumba sita, cha mwisho.

Akavua gauni, akavaa nguo zake za kawaida, akaondoka saa nane mchana huku simu ya katibu ikiita mkobani.

Mama yake Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Alipomwona, uso ulimfunguka. “Mama Plasta. Umetufuata mpaka huku?”

“Namba yako haipatikani.”

“Simu imeharibika wiki nzima. Ndiyo maana niliogopa, nikasema labda mmepiga mkanikosa.”

Ndani palikuwa na kitanda, meza na kabati, na juu ya kitanda Mzee akilia kwa sauti iliyokwaruza, ya mtoto aliyelia siku nyingi. Mama Plasta alisikia harufu kabla hajafika kitandani. Aliomba beseni, maji ya uvuguvugu na taulo. Akakaa kwenye kigoda, akampakata mtoto, akaloweka mguu wa kulia kwanza. Nusu saa ikapita. Kisha akaitafuta ncha, akaanza kuzungusha, na bandeji ikaja tope tope mkononi.

Mguu ulitoka mwembamba, ngozi imekunjamana na kubanduka. Akabonyeza kidole gumba cha mtoto, kikawa cheupe, kisha damu ikarudi. Kisigino kilikuwa kizima, lakini unyayo ulikuwa umeshaanza kugeuka ndani tena. Kazi yote iliyofanyika ilikuwa imekwenda.

“Afadhali umekuja,” mama yake Mzee alisema. Alikuwa amepiga magoti akimshika mtoto kichwa. “Maana leo nilikwenda. Nilikaa kwenye lile benchi lenu mpaka miguu ikafa ganzi. Kuna mtu pale getini, sijui hata kama ni mwanamke au mwanamume kwa yale mavazi. Hakunitazama usoni. Alimpima mtoto kama anapima nyama buchani, akasema anayefuata. Njia nzima nilikuwa nasema, ningemkuta Mama Plasta asingenirudisha.”

Mama Plasta aliendelea kukamua taulo. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Angemaliza kazi, angeshukuriwa, angesindikizwa mpaka barabarani. Yule mtu wa getini angebaki yule mtu wa getini na wangemlaani pamoja, kwa raha kabisa.

“Ni mimi,” alisema.

“Wewe nini?”

“Yule wa getini. Nilikuwa mimi.”

Mama yake Mzee akamtazama, mdomo, macho, mikono. “Sikukutambua.”

“Na mimi sikukutambua. Tunapewa karatasi, kamati ndiyo inayopanga majina, na katibu alishasema kwamba…” Alijisikia akiongea kama katibu, mpaka ile sauti laini.

Mama yake Mzee akanyoosha mikono, akamtoa mtoto mapajani mwake. Hakumpora, alimchukua taratibu kama mtu anayechukua kitu chake. “Sogea hapo.”

“Mguu wa kushoto bado.”

“Najua bado. Nitautoa mwenyewe. Wewe sema tu, mimi nafanya.”

Wakabadilishana nafasi. Mama Plasta akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, na akasema. Mwagia maji juu, si chini tu. Ngoja. Sasa pitisha ukucha hapo juu, upande wa nje, utaisikia ncha. Zungusha, usivute. Mara mbili Mama Plasta alinyoosha mkono kusaidia na mara mbili aliurudisha.

Plasta ya chini ndiyo iliyoshika. Ilipoachia, ilitoka na kitu. Kwenye kisigino palikuwa na kidonda cha upana wa kifuniko cha soda, kirefu ndani, kingo zimegeuka kijivu.

Mama yake Mzee alikitazama muda mrefu bila kulia. Mtoto ndiye aliyelia.

“Hiki ni cha lini?”

“Wiki. Pengine zaidi.”

“Na ungenipigia wiki ile ya pili, simu ikiwa nzima, ukaniambia haya maneno uliyoniambia sasa hivi, kingekuwepo?”

“Kisingekuwepo.”

“Yamekuchukua dakika ngapi kuniambia?”

Mama Plasta akahesabu kweli, maana aliona hana haki ya kutohesabu. “Mbili. Zilizobaki ni za kungoja maji.”

Mama yake Mzee akachemsha maji mengine, akaosha kidonda kama alivyoelekezwa, akafunika kwa kitambaa safi. Alifanya vizuri, na Mama Plasta hakuthubutu kumwambia. Nje jirani alikuwa akianua nguo na kuimba.

“Lazima kionwe na daktari kesho asubuhi,” Mama Plasta alisema.

“Najua. Saa mbili nitakuwa getini. Na sitakuwa kwenye karatasi yenu.”

“Nitakupitisha.”

“Sijakuomba,” mama yake Mzee alisema, na akamgeuza mtoto ubavu ili kisigino kisiguse shuka.